Mfunua Masufuria wa Mtaa Wetu

Bibi Afya habishi hodi kama watu. Anaingia uani, anaruka beseni la nguo, anafika jikoni kwako, anafunua sufuria, ananusa mvuke, ndipo anakumbuka kuwa kuna binadamu amesimama hapo. Hata hivyo hakuulizi umeamkaje. Anauliza, "Mboga iko wapi?"

Ukimjibu kwamba mboga inakuja, anakaa kuisubiri. Niliwahi kumjibu hivyo nikidhani nimemkomesha. Akavuta kigoda, akakaa, akaanza kunichambulia maharage ambayo siku ile wala sikuwa na mpango nayo. Ilibidi nitoke kwenda kununua mchicha kwa aibu, na niliporudi akanirudisha sokoni nikafuate limau.

Ni mhudumu wa afya wa mtaa, wa kujitolea, na mtaa wenyewe ni huu wetu wa Kariakoo, ambako nyumba za zamani za vyumba sita zimebanwa na maghorofa mpaka jua linatufikia kwa zamu. Fulana yake zamani ilikuwa ya kijani. Sasa haina rangi inayotajika. Begani ana mkoba wenye mizani ya kuning'iniza, ile yenye uso kama saa ya ukutani na ndoano chini, kaptula ya kumvalisha mtoto anayepimwa, na utepe wa kuzungusha mkononi wenye kijani ya salama, njano ya tahadhari na nyekundu ya hatari. Jina analo, wakubwa wanalijua, ila sijawahi kusikia mtu akilitumia. Wote tunamwita Bibi Afya, hata waliomzidi umri.

Naandika habari zake nikiwa na hasira, na bora niseme mapema. Mwanamke huyu aliyeusumbua mtaa mzima kwa ajili ya miili yetu alikuwa na kidonda kwenye unyayo wake mwenyewe, akakifunika na soksi. Sukari anayo, akaificha. Nimemjua tangu nilipoolewa hapa. Mkono wa mwanangu ameushika mara nyingi kuliko baba yake alivyoushika. Halafu mguu wake uoze kwa siri, sisi tuendelee kula mchicha? Haya. Tutafika huko.

Ana misemo, na hakuna aliyewahi kuisikia kwa mtu mwingine. "Chumvi iwe mgeni, isiwe mwenye nyumba." "Mtoto hanenepi kwa macho ya jirani." Na ule anaoupenda kuliko yote, anaousema huku amenyanyua kidole kama shehe kwenye hotuba: "Kujaa si kushiba." Huo ndio ulioniingiza vitani na mama mkwe.

Mama mkwe wangu ni mtu wa Kilimanjaro, mwanakwaya, na ana duka la nafaka mtaa wa pili kutoka hapa. Fahari ya duka lile ilikuwa unga wa lishe. Ukimuuliza una nini ndani, anakutajia kama anaimba pambio: mahindi, mtama, ulezi, mchele, ngano, soya, karanga, ufuta, mbegu za maboga, dagaa, na ndizi kavu za kwao Moshi. Vyote vinasagwa pamoja, vinakaa kwenye ndoo, mtoto anapikiwa uji. Kina mama wa mjini tumekuzwa na imani hiyo, kwamba vitu vikizidi kwenye unga na akili inazidi kwa mtoto. Mwenye vitu vitano anaonewa huruma.

Ima, mwanangu, alikuwa akinywa uji huo kikombe baada ya kikombe, na kila mwezi anazidi kuwa mwepesi. Tumbo linajaa, linaharisha, linajaa tena. Midomo ikaanza. Huyu anasema maziwa yangu mepesi. Yule anasema mtoto katupiwa jicho. Mwingine ananitazama juu mpaka chini: "Mama mwenyewe kimbaumbau, mtoto atanenepa amfuate nani?" Kila mdomo ulikuwa na dawa, na hakuna hata mmoja uliowahi kuja kunishikia mtoto nikalala. Nilikuwa na hasira za kufua nguo mpaka zinatoboka.

Bibi Afya akaja, akazungusha utepe kwenye mkono wa Ima. Njano. Kwa mara ya kwanza sikumsikia akipiga kelele. Akafunua ndoo ya unga, akachota kidogo kwenye kiganja, akanisogezea puani.

"Unanukia nini?"

"Unga."

"Nusa kama unanunua samaki."

Nikanusa kama nipo Feri asubuhi na muuzaji ananiapia kwamba samaki wake wa changu ametoka majini sasa hivi. Kumbe! Chini ya harufu ya unga palikuwa na kitu kama mafuta ya juzi. Karanga zilikuwa zimeharibika.

"Mbebe mtoto," akasema. "Tunaenda kwa fundi aliyeutengeneza."

Dukani palikuwa na wateja. Bibi Afya hakusalimia. Akatazama juu, akaiona ndoano ambayo mama mkwe hupimia viroba, akatundika mizani yake, akamvalisha Ima kaptula, akamning'iniza katikati ya maharage na choroko. Ima akacheka, maana kubembea anapenda. Mama mkwe hakucheka.

"Wewe mama! Mjukuu wangu si kilo ya maharage!"

"Angekuwa maharage ungeshashtuka. Tazama mshale umesimama wapi."

"Unga wangu una vitu kumi na kimoja!"

"Ndiyo tabu yake. Mahindi, mtama, ulezi, mchele, ngano, wote hao ni ndugu wa tumbo moja, kazi yao moja. Ungemchukua mmoja akatosha. Karanga na dagaa ukizisaga ukazifungia kwenye ndoo kwa joto hili la Bongo, zinaharibika kabla mtoto hajafika nusu ya ndoo. Halafu uji wenyewe mnaupika mwepesi kama maji ya kuoshea vikombe. Mtoto anajaa. Kujaa si kushiba!"

"Nimelea watoto wanne mimi!"

"Umewalea Moshi, kwa ndizi, maziwa na nyama. Huyu unamlea kwa ndoo."

Mteja mmoja akarudisha pakiti yake taratibu juu ya meza, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala. Mimi, sitadanganya, nilifurahi. Ilikuwa mara ya kwanza mama mkwe kusemwa mbele yangu na msemaji asiwe mimi moyoni mwangu. Bibi Afya akanigeukia.

"Na wewe unachekelea nini? Pua unayo."

Akatupeleka zahanati kwanza, kwa ajili ya kuharisha, hakutaka kusikia habari ya kungoja kesho. Baada ya hapo akawa anafunua sufuria langu kila siku. Unga wa aina moja tu. Uji mzito, ukiinamisha kijiko ung'ang'anie. Karanga nizitwange siku ileile. Yai, dagaa, parachichi, mchicha uliokatwa mdogo mdogo, na mtoto awe na sahani yake, asigombanie bakuli na watu wenye mikono mirefu. Haikuwa miujiza. Ima alikuwa akinitemea yai usoni, tukalia wote wawili. Lakini utepe ukarudi kijani, na siku ile Bibi Afya alimzungusha mtoto uani kama kombe la mashindano.

Mama mkwe alinuna Kwaresima nzima. Pasaka ilipopita, nikamkuta dukani anauza unga wa kila nafaka peke yake, karanga zikiwa nzima kwenye kiroba chao, na anamwambia mteja, kidole juu, "Mwanangu, kujaa si kushiba." Kana kwamba msemo kauokota yeye mlimani.

Msije mkadhani huyu bibi hakosei. Anakosea, tena kwa kelele zilezile. Kuna wakati alijinunulia mizani ya kusimamia kwenye mitumba, ya kuwapimia watu wazima. Akatupandisha sote. Loo! Kila mwanamke wa mtaa akawa mzito kuliko alivyojidhania. Mama anayeuza chapati kwenye kona akaacha kula usiku. Dada wa chumba cha mbele akaanza kukimbia alfajiri mpaka walinzi wa maduka wakamfukuza wakidhani katoka kuiba. Mama mkwe, mtu wa biashara, ndiye aliyegoma. Alishuka kwenye ile mizani, akaenda kuleta kiroba cha mchele ambacho hakijafunguliwa, akakipandisha. Kiroba nacho kilikuwa kimenenepa.

Tukamtazama Bibi Afya. Mtu mwingine angeomba radhi. Yeye akavuta pumzi, akasema, "Sawa. Mizani imekosea. Vitambi havijakosea." Akaendelea na somo.

Lakini kusikia anasikia, ukimwambia ukweli mara moja. Ghorofa ya pili jirani yetu kuna mama wa Kihindi anayeuza viungo, na Bibi Afya alimpandia ngazi kwenda kumhubiria mjukuu wake ale dagaa. Yule mama akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwa Kiswahili safi kuliko changu, "Mama, sisi nyumbani samaki na nyama hatuli, ni dini yetu. Kaa, uonje dengu." Akaonja. Alishuka na kopo la dengu zilizopikwa kwa bizari na nyanya, na tangu siku hiyo anawafundisha watu wa mtaa kupika dengu kwa namna ileile, na kila mara anataja kafundishwa na nani. Dagaa hajarudia tena kupandisha ngazi zile.

Alhamisi ni siku yake ya wazee. Wazee wetu wanakaa kibarazani wanacheza drafti kwa vizibo vya soda na kunywa kahawa chungu na kashata. Yeye anawafuata na kipimo cha presha, anafunga mikono yao mmoja mmoja huku mchezo unaendelea. Hapo namwona anavyokuwa mjanja. Hawaambii waache, anajua wakiambiwa waache watahama kibaraza. Anawauliza tu nani anayeweza kusimama kitini bila kushika kitu. Wanashindana, watu wazima na mvi zao, wanasimama, wanakaa, wanasimama, miguu inapata nguvu bila wao kujua kwamba wamefanya mazoezi.

Kuna mzee mmoja aliyefanya kazi ya kupakua mizigo bandarini ujana wake wote. Bibi Afya alikuwa anawaeleza sahani ya mwenye sukari, kwamba nusu iwe mboga za majani, na ugali usizidi ngumi ya mtu. Mzee wa bandari akanyanyua ngumi yake. Jamani, ngumi ile ni kama jiwe la kuegeshea lori.

"Basi mimi, mwalimu, nimeruhusiwa mlima."

"Ngumi ya mkeo," akasema Bibi Afya.

"Mke wangu naye alikuwa ananipiga nayo, si ndogo!"

Kibaraza kizima kikaanguka kicheko, kahawa ikamwagika, na kuanzia siku hiyo wazee wakawa wanaombana ngumi kabla ya kula, wanacheka, lakini ugali umepungua.

Sasa njoo kwenye uongo wake. Nilimkuta mwenyewe, kwa macho yangu haya, nyuma ya maghala ya vitunguu, ameugeukia ukuta, anakula kaimati. Kaimati! Shira inamtiririka mpaka kiwikoni.

"Shikamoo, Bibi."

Akameza. "Marahaba. Nafanya uchunguzi."

"Umegundua nini?"

"Shira imezidi," akasema, akachukua nyingine, "lakini lazima nihakikishe."

Nilicheka mpaka nikashika gunia. Siku ile nilicheka. Sikujua kwamba nyumbani alikuwa na dawa za sukari ambazo alikuwa anakunywa siku anazokumbuka na kuziacha siku anazojisikia vizuri. Ni kosa lilelile alilowakaripia wazee kila Alhamisi.

Lipo jambo moja nililisahau, na bila hilo mwisho hautaeleweka. Siku ya kupima watoto, ukijificha ndani na mtoto wako, Bibi Afya hakubembelezi. Anachukua kifuniko cha sufuria na mwiko, anakaa mlangoni kwako, anapiga na kuimba jina lako. "Mama Ima tokaa, Mama Ima tokaa, mizani haing'ati." Mtaa mzima unasikia, wapita njia wanasimama, machinga wanaitikia. Hakuna aliyewahi kuvumilia mpaka wimbo ukaisha. Mimi nilitoka na sabuni kichwani.

Basi mwaka huu, joto lilipokuwa la kuyeyusha lami, nikaanza kumwona na soksi nyeupe za shule ndani ya malapa. Anachechemea kidogo. Nikamuuliza, akasema mtindo. Kisha akaacha kuja. Masufuria yetu yakakaa na vifuniko vyao, na niwaambie kweli, watu walifurahi wiki nzima. Chipsi zilirudi. Mimi nikawa napika huku natazama mlango, na hasira inapanda, maana nilikuwa na mchicha siku hizo zote na hakuna wa kuuona.

Nikaenda kwake. Chumba kimoja, pazia, jiko la mkaa mlangoni. Sikupiga hodi. Nikafunua sufuria. Wali mweupe, mkavu, peke yake.

"Mboga iko wapi?" nikauliza.

Alikuwa kitandani, ameegemea ukuta. Akasema, "Inakuja."

Nikavuta kigoda, nikakaa. Ndipo nikanusa, kama ninunuaye samaki, na harufu ya kuoza ikanifikia kutoka miguuni pake.

"Vua soksi."

"Mimi si mtoto wako."

"Vua soksi, Bibi."

"Hakiumi. Kingekuwa kibaya kingeuma."

"Nani aliyewaambia wazee kwamba kidonda cha mwenye sukari kisichouma ndicho cha kukimbia nacho hospitali? Nani? Nilikuwepo, nilikuwa nagawa kahawa!"

Akageuza uso. Sauti yake ikawa ndogo, sijawahi kuisikia ndogo vile. "Mama Ima, fikiri. Bibi Afya akapange foleni ya sukari? Wale niliowapigia kelele wote wamekaa pale kwenye mabenchi. Atanisikiliza tena nani?"

Nilitaka kumhurumia. Sikuweza. Nilimwona Ima ananing'inia dukani mbele ya wateja, na mimi nimesimama pale na aibu yangu yote hadharani, kwa sababu huyu aliamua mtoto ni bora kuliko aibu. Nikainuka, nikachukua kifuniko cha sufuria lake mwenyewe na mwiko wake mwenyewe, nikakaa mlangoni kwake saa sita ya mchana, nikapiga.

"Bibi Afya tokaa! Bibi Afya tokaa! Hospitali haing'ati!"

"We mtoto, una wazimu?"

"Bibi Afya tokaa!"

Muuza chapati akaja na kifuniko chake. Wazee wakaacha drafti. Mama mkwe akafunga duka, mtu ambaye hafungi duka hata kwa msiba wa jirani, akaja na debe tupu na sauti ya kwaya, akaweka na sauti ya pili. Wamachinga wakaitikia bila kujua wanamwitia nani. Pazia likafunguka.

"Wanga wakubwa nyie! Mchana kweupe!" Alitoka na soksi moja mkononi. Nikauona unyayo. Hakuna aliyecheka. Mzee wa bandari akasogea, akamwinua kwa ile mikono yake, akampakia kwenye bajaji kana kwamba ni mzigo uliochelewa meli.

Daktari alisema mguu tumeuwahi. Kidole cha mwisho hakuahidi kukiokoa. Alitugombeza, na mimi nikamgombeza daktari kwa kutugombeza, mpaka muuguzi akanitoa nje.

Juzi nimempeleka kliniki ya sukari kwa mara ya kwanza. Kidole bado kipo, kimefungwa bandeji, inabadilishwa kila siku. Asubuhi mabenchi yamejaa wazee, hawajala, wanasubiri kutobolewa kidole cha mkono wapimwe, kila mmoja na hotpoti yake ya chakula mapajani ya kufungulia baada ya kipimo. Bibi Afya alivaa khanga mpaka puani. Haikusaidia. Mzee wa bandari alikuwa benchi la pili.

"Mwalimu!" akapaza sauti. "Kumbe tunasoma darasa moja!"

Kicheko kikapita kwenye mabenchi kama upepo kwenye nguo zilizoanikwa. Nikamshika mkono, nikadhani atageuka arudi. Hakugeuka. Kisha akakaa, polepole, mguu mbele, pembeni ya mama mmoja mnene tusiyemfahamu, mgeni wa kule. Khanga ikashuka puani. Macho yake yakatua kwenye mapaja ya yule mama, na mimi nikajua kabla hajanyoosha mkono.

Akafunua hotpoti. Chapati mbili, zimekunjwa vizuri, zinang'aa mafuta.

"Mboga iko wapi?"

Yule mama akaruka. "Ebo! Wewe ni nani?"

"Mgonjwa wa sukari," akasema Bibi Afya, kwa sauti iliyofika mpaka dirisha la dawa. "Mboga iko wapi?"